Rosalie Edge: Mwanamke aliyenunua mlima ili vipanga wapite salama

KATIKA safu ya milima ya Kittatinny, mashariki mwa jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kuna rundo la majabali ya kijivu lililo kwenye kimo cha takribani mita 450 juu ya usawa wa bahari. Kila mwaka, kuanzia Agosti 15 hadi Desemba 15, watu huketi juu ya majabali hayo tangu asubuhi hadi jioni, darubini machoni na daftari mapajani, wakihesabu ndege wawindaji wanaohama kutoka kaskazini kwenda kusini. Huhesabu tai, vipanga na kozi, aina kwa aina, saa baada ya saa. Kwa wastani hupita ndege wapatao 18,000 katika msimu mmoja. Hesabu hiyo ilianza mwaka 1934, na hakuna hesabu nyingine ya ndege wawindaji wahamao duniani iliyo na umri mkubwa kuishinda.

Kabla ya mwaka huo majabali hayo hayo yalikaliwa na watu wengine. Nao pia walitazama kaskazini wakisubiri ndege, ila mikononi walishika bunduki.

Aliyewaondoa watu hao hakuwa mtaalamu wa ndege, wala hakuwa mwanasiasa au mkazi wa eneo hilo. Alikuwa mama wa watoto wawili kutoka tabaka la juu la jiji la New York, mwenye umri wa miaka 56, aliyetengana na mumewe na asiyekuwa na cheo chochote serikalini. Jina lake ni Rosalie Edge. Katika historia ya uhifadhi nchini Marekani hutajwa mara chache kuliko wanaume waliofaidika na kazi yake, jambo ambalo kwa maoni ya mwandishi huyu ni dhuluma inayostahili kurekebishwa.

Alizaliwa Novemba 3, 1877, jijini New York na kupewa jina Mabel Rosalie Barrow. Alikuwa kitinda mimba katika familia yenye uwezo, familia ambamo binti alifunzwa kuvaa, kuzungumza na kupokea wageni, na ambamo hakuna aliyetarajia kwamba siku moja angewaburuta mahakamani wakuu wa shirika maarufu. Mnamo 1909 aliolewa na Charles Noel Edge, mhandisi Mwingereza. Ndoa hiyo ilifungwa mjini Yokohama, Japani, kwa sababu bwana harusi alikuwa na shughuli zake barani Asia, nao waliishi huko kwa miaka kadhaa kabla ya kurejea Marekani.

Ni katika safari moja ya meli ambapo alikutana na mwanaharakati kutoka Uingereza aliyekuwa akipigania haki ya wanawake kupiga kura. Mazungumzo yao yalimwingia Bi Edge moyoni. Alipofika nyumbani alijiunga na harakati hizo katika jimbo la New York, akapanda majukwaani kuhutubia, akaandika vijikaratasi vya kugawa mitaani na hatimaye akatunza hazina ya chama kilichoongoza kampeni hiyo jimboni. Wanawake wa New York walipata kura mwaka 1917, na wenzao wa nchi nzima wakaipata mwaka 1920.

Kipindi hicho hakina budi kutajwa kwa sababu ndicho kilichokuwa chuo chake. Huko ndiko alikojifunza kwamba kijitabu kifupi chenye ukweli mchungu, kikifikishwa katika nyumba elfu kumi, kinaweza kumtikisa mkubwa kuliko hotuba ya saa nzima. Alijifunza pia kutoogopa kuchekwa. Mwanamke aliyewahi kuzomewa jukwaani kwa kudai kura hangetishwa na mwenyekiti wa mkutano anayemwashiria aketi.

Ndege waliingia maishani mwake kwa njia ya pembeni. Yeye na mumewe walikuwa wamenunua kiwanja kando ya mlango-bahari wa Long Island, na huko alianza kutambua ndege wa pwani na wa bustanini. Mwaka 1921 ndoa hiyo ilivunjika na wawili hao wakatengana kisheria. Bi Edge alibaki jijini na watoto wake, Peter na Margaret, akiwa amepoteza mume pamoja na kile kiwanja. Baada ya muda alianza kwenda na darubini katika bustani ya Central Park, ambayo kila masika na kila mapukutiko hujaa ndege wanaopumzika wakiwa safarini. Kisiwa hicho cha miti katikati ya majumba marefu kilimrudishia kitu alichokuwa amekiacha.

Waraka uliomfikia Paris

Mnamo 1929 alikuwa mjini Paris alipopokea kwa posta kijitabu kilichotungwa na wanasayansi watatu. Kiongozi wao alikuwa Willard Van Name, mtaalamu wa wanyama katika Jumba la Makumbusho ya Historia ya Viumbe la Marekani, jijini New York. Kijitabu hicho kilidai kuwa spishi kadhaa za ndege wa Marekani zilikuwa zikielekea kuangamia ilhali shirika lililokabidhiwa kazi ya kuzilinda, yaani Muungano wa Kitaifa wa Vyama vya Audubon, lilikuwa limelala. Kilidai pia kuwa wakuu wa muungano huo walikuwa karibu mno na wawindaji pamoja na wafanyabiashara wa bunduki na risasi.

Bi Edge alikuwa mwanachama wa muungano huo. Aliporejea nyumbani, Oktoba mwaka huo huo, alivuka Central Park kwa miguu hadi kwenye jumba la makumbusho ambamo mkutano wa mwaka ulikuwa ukifanyika. Aliketi, akasikiliza, kisha akasimama na kuuliza kwa adabu ni jibu gani muungano ulikuwa nalo kwa madai ya kile kijitabu. Hakupata jibu lililomtosheleza, hivyo akauliza tena, kisha akauliza tena. Rais wa muungano, T. Gilbert Pearson, aliishia kumlaumu kwa kula muda uliotengewa filamu na kwa kuwacheleweshea wajumbe chakula cha mchana.

Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameanzisha Kamati ya Dharura ya Uhifadhi. Jina lilikuwa kubwa kuliko kamati yenyewe. Makao yake yalikuwa nyumbani kwake, na nguzo zake kuu zilikuwa tatu tu: yeye mwenyewe, Van Name na Irving Brant, mwanahabari aliyekuwa na ujuzi wa siasa za Washington. Waajiri wa Van Name walikuwa wamemkataza kuchapisha maandishi ya aina hiyo bila idhini yao, hivyo kalamu yake ikaendelea kufanya kazi nyuma ya jina la Bi Edge.

Silaha aliyoitaka zaidi ilikuwa orodha ya anwani za wanachama wa Audubon, watu wapatao 11,000, ili awaeleze yaliyokuwa yakitendeka kwa jina lao. Muungano ulikataa kumpa. Mnamo 1931 alikwenda mahakamani, na huko wakili wa upande wa pili akamwita mwanamke mgomvi tu. Bi Edge hakuhangaika kulikana tusi hilo. Alishinda kesi na orodha akaipata. Wanachama nao wakaja kujua kwamba katika hifadhi ya ndege ya Rainey, jimboni Louisiana, muungano wao ulikuwa umeruhusu maelfu ya wanyama wadogo wenye manyoya ya thamani wanaswe kwa mitego ya chuma, na mapato ya ngozi yakaingia katika hazina yake. Wengi walijiondoa. Mnamo 1934 Pearson alijiuzulu.

Bunduki za mapukutiko

Ili kuelewa kilichofuata, ni lazima kwanza tuutazame mlima wenyewe na upepo wake.

Majira ya mapukutiko yanapoingia kaskazini mwa Amerika, ndege wawindaji huanza kusafiri kuelekea kusini. Wengine huishia kusini mwa Marekani. Wengine, kama kipanga wa mabawa mapana, huvuka Mexico na Amerika ya Kati hadi Amerika ya Kusini. Safari ya namna hiyo haiwezekani kwa kupiga mabawa tu, kwa kuwa ndege angemaliza nguvu zake kabla ya kufika robo ya njia. Ndiyo maana huutafuta upepo umbebe. Upepo wa kaskazini-magharibi unapoupiga ubavu wa Kittatinny hauna pa kwenda ila juu, na ndege huukalia kana kwamba amepanda gari, akateleza kando ya mgongo wa mlima kwa kilomita nyingi bila kutikisa bawa. Siku za jua kuna njia nyingine: hewa iliyopata joto hupanda juu kama moshi, na vipanga huingia humo kwa makumi au mamia wakizunguka-zunguka hadi kimo cha juu, kisha wakajiachia kuteleza hadi penye mpando mwingine.

Mahali palipo na yale majabali, safu hiyo hubana na kupinda. Ndege hupita karibu mno na majabali, nyakati nyingine usawa wa macho ya mtu na hata chini yake. Kwa mwenye darubini hiyo ni baraka. Kwa mwenye bunduki ilikuwa shabaha isiyohitaji ujuzi.

Ndege wawindaji hawakuwa na mtetezi siku hizo. Sisi tuliolelewa katika nyumba zenye kuku tunajua vyema jinsi mwewe anavyochukiwa. Mtoto hutumwa uani akapige kelele mara kivuli chake kinapopita juu ya vifaranga. Huko Pennsylvania chuki hiyo ilikuwa na hazina ya serikali nyuma yake. Kipanga alionekana kuwa mwizi wa kuku na mshindani wa wawindaji waliotaka kware na sungura wabaki kwa ajili yao. Mnamo 1929 jimbo lilitangaza zawadi ya dola 5 kwa kila kipanga mkubwa wa misitu ya kaskazini atakayeuawa. Katika miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi uliofuata, dola 5 hazikuwa pesa za kuchezea, hasa katika wilaya ya wachimbaji makaa ya mawe waliokosa kazi. Naye mpiga risasi mlimani hakuchagua kati ya kipanga mwenye zawadi na asiye nayo. Alipiga kila kilichopita.

Mwishoni mwa juma magari yalipangana kando ya barabara iliyovuka mlima karibu na kijiji cha Drehersville. Risasi ziliuzwa papo hapo. Jioni msitu chini ya majabali ulikuwa umetapakaa mizoga pamoja na ndege waliojeruhiwa ambao hakuna aliyejishughulisha kuwamaliza. Hata wanasayansi walikuwa wamepata habari hizo: mwaka 1928 mtaalamu wa ndege George Miksch Sutton alikuwa tayari amechapisha makala kuhusu vipanga waliopigwa mlimani hapo. Kwa hiyo rekodi ya kwanza ya ndege wa mlima huo ilikuwa hesabu ya maiti.

Mnamo 1932 kijana mmoja wa Philadelphia aliyependa ndege na kupiga picha, Richard Pough, aliusikia uvumi huo, akaenda kujionea. Aliokota mizoga, akaipanga chini safu kwa safu na kuipiga picha. Picha hizo zilionyeshwa baadaye katika mkutano jijini New York, na miongoni mwa waliozitazama alikuwa Bi Edge. Alielewa kwamba Muungano wa Audubon ulikuwa na nia ya kuununua mlima huo, akangoja. Msimu mmoja wa mauaji ulipita. Alipochunguza aligundua kuwa hakuna kilichokuwa kimefanyika.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo lingewezekana kufanywa na yeyote kabla yake. Aliulizia mwenye ardhi. Mlima huo haukuwa na thamani sokoni. Mbao zake zilikuwa zimekwisha kukatwa na mawe yake hayakumfaa mkulima. Katika mwaka 1934 alikodi ekari 1,398 kwa dola 500, fedha alizokopa kwa Van Name, akiwa na haki ya kununua baadaye kwa takribani dola 3,500, ambayo ni kama dola mbili na nusu kwa ekari. Mkataba ulipokuwa tayari, Muungano wa Audubon ulijitokeza na kutaka kukabidhiwa mahali hapo. Alikataa. Kwa mtu aliyewaona wakilala kwa miaka mitano mfululizo, hilo halikuwa jambo la kushangaza.

Mlinzi na mkewe

Mkataba mkononi haumzuii mtu mwenye bunduki. Alihitajika mlinzi, tena ambaye angekubali kukaa mlimani mbele ya wanaume wenye hasira kwa malipo yasiyostahili kuitwa malipo. Bi Edge alimpata Maurice Broun, mtaalamu chipukizi wa ndege asiyefika hata umri wa miaka 30, aliyekuwa ameoa mwaka huo huo. Bw Broun na mkewe Irma walifika Septemba 1934, msimu ukiwa umeanza.

Walibandika mabango ya kupiga marufuku uwindaji na kuingia bila ruhusa. Bi Irma alishika zamu barabarani, penye njia ya kuingilia, akiwaeleza wawindaji mmoja baada ya mwingine kwamba mlima umefungwa. Walitukanwa na kutishwa. Lakini mabango yalibaki, na katika msimu huo wa kwanza milio ya bunduki kwenye majabali ikakoma. Ukilinganisha na mikutano mingi iliyokuwa imefanyika kuhusu suala hilo, utaona kuwa mke na mume wawili walimaliza katika majuma machache kile ambacho mashirika yalikuwa yakikijadili.

Mlima ulipotulia, Bw Broun alipanda juu na kuanza kuhesabu.

Huenda msomaji akadhani kuhesabu ndege ni kazi ya mzee aliyestaafu. Haiko hivyo. Mhesabuji hutazama mstari wa vilima vya kaskazini akitafuta kitone kisichozidi chembe ya vumbi kwenye kioo cha darubini. Kabla kitone hicho hakijampita ni sharti ajue ni ndege gani, na mara nyingi rangi haionekani. Hutegemea umbo la bawa, urefu wa mkia na namna ya kuruka: kozi ana mabawa yaliyochongoka, vipanga wadogo wa msituni hupiga mabawa mara chache za haraka kisha wakateleza, tai hutanda kama ubao. Kundi la vipanga wa mabawa mapana linapokuwa likizunguka angani haliwezekani kuhesabiwa, maana wote huchanganyika kama nyuki. Mhesabuji mzoefu husubiri hadi wafike juu na kuanza kuteleza kwa mstari, hapo akawahesabu wanapotoka. Upepo ukiwa wa kusini anaweza kukaa kutwa nzima asiandike zaidi ya ndege watatu. Kesho yake, baridi ikishuka na upepo ukigeuka, hapati nafasi ya kula.

Pamoja na kila idadi huandikwa saa, upande wa upepo, joto na hali ya mawingu. Bw Broun alifanya hivyo kwa nidhamu mwaka baada ya mwaka. Alikatiza kwa miaka ya 1943 hadi 1945 pekee, alipokuwa katika jeshi la wanamaji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliendelea kuuongoza mlima huo hadi mwaka 1966.

Wenyeji wa mlima nao walikuwa na hadithi zao. Nyumba ya mawe walimokuja kuishi akina Broun ilikuwa zamani nyumba ya wageni, na wazee wa eneo hilo walisimulia kwamba mwenyewe wa karne ya 19 alikuwa na tabia ya kuwaua wasafiri na kuwaibia. Inaelekea kwamba hilo halikuwanyima usingizi.

Bi Edge hakuhamia mlimani. Alibaki New York akitafuta fedha, akiandika barua na kuwachokoza wakubwa. Alikuja msimu ulipofika, akiwa na kofia yake na shanga za lulu, mavazi ambayo watu wa makaa ya mawe hawakuzoea kuyaona juu ya majabali. Ununuzi ulipokamilika hakuuweka mlima kwa jina lake. Mnamo 1938 aliukabidhi kwa chama kilichosajiliwa kwa ajili hiyo, kijulikanacho kama Hawk Mountain Sanctuary Association, yeye akiwa rais wake hadi alipofariki. Ndiyo hifadhi ya kwanza duniani iliyoanzishwa mahsusi kwa ndege wawindaji.

Kadhalika asidhaniwe kuwa mlima huo ndio uliokuwa kazi yake yote. Katika miaka hiyo hiyo kamati yake ndogo ilipigania miti mikubwa ya misonobari iliyokuwa ikatwe kandokando ya Yosemite, na Bunge likaidhinisha ununuzi wake mwaka 1937. Ilipigania pia kuanzishwa kwa hifadhi ya taifa ya Olympic mwaka 1938 na ile ya Kings Canyon mwaka 1940. Kila moja ya kampeni hizo ingetosha makala yake.

Fikra iliyomwongoza ilikuwa rahisi, ingawa enzi zake ilionekana kuwa ya ajabu. Aliamini kwamba kiumbe hulindwa angali wengi, na kwamba anayengoja hadi wabakie wachache amekwisha kuchelewa. Aliamini pia kuwa binadamu hana mamlaka ya kuwagawa ndege katika makundi ya wema na wabaya. Wapenzi wengi wa ndege wa wakati huo waliwapenda ndege waimbao na kuwachukia wanaowala. Bi Edge aliwataka wote.

Tai wadogo walipopungua

Hesabu ya mlimani ilianza kama ushahidi dhidi ya bunduki. Miaka ishirini baadaye ikawa ushahidi dhidi ya kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikifikiria mwaka 1934.

Tai mwenye kichwa cheupe, nembo ya taifa la Marekani, hazaliwi na kichwa cheupe. Huwa wa kahawia mwili mzima, na huchukua takribani miaka mitano kabla ya kichwa na mkia kugeuka rangi. Kwa hiyo mtu aliye juu ya jabali anaweza kumtofautisha tai mchanga na mkubwa bila kumshika. Bw Broun alikuwa akiandika tofauti hiyo tangu mwanzo. Kati ya mwaka 1935 na 1939, asilimia 40 ya tai hao waliopita walikuwa wachanga. Kati ya 1955 na 1959 wachanga walikuwa asilimia 20 tu. Mnamo 1957 alipita mchanga mmoja kwa kila wakubwa 32.

Maana yake ni kwamba tai wakubwa walikuwa wangali hai na wakipaa, lakini hawakuwa wakizaa, au walizaa na makinda yasiishi. Mtu aliyehesabu tai kwa jumla bila kuangalia umri angeweza kukaa miaka mingi asione hatari yoyote.

Mwanasayansi Rachel Carson, aliyekuwa ameuzuru mlima huo katika miaka ya 1940, alimwomba Bw Broun takwimu hizo alipokuwa akiandika kitabu chake kuhusu madhara ya dawa za kuua wadudu, hasa ile ya DDT. Kitabu hicho, Silent Spring, kilitoka Septemba 1962, na takwimu za mlimani zimo ndani yake. Utafiti wa baadaye ulibainisha jinsi sumu hiyo ilivyofanya kazi: ilipanda kutoka kwa wadudu hadi samaki na kutoka kwa samaki hadi tai, ikayafanya maganda ya mayai kuwa membamba kiasi cha kupasuka chini ya ndege anayeatamia. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani mwaka 1972. Mwaka huo huo ndege wawindaji waliingizwa katika orodha ya ndege wanaolindwa na mkataba kati ya Marekani na Mexico.

Bi Edge hakuyaona hayo. Ila Novemba 1962, majuma machache baada ya kitabu cha Carson kutoka, alisafiri hadi Corpus Christi, jimboni Texas, kuhudhuria mkutano wa mwaka wa shirika la Audubon, lile lile alilolishtaki miaka 31 awali. Alikuwa na miaka 85 na afya yake ilikuwa imedhoofika. Uongozi ulikuwa umebadilika na sera pia zilikuwa zimebadilika, kwa kiasi kikubwa kutokana na kelele zake. Alitambulishwa mbele ya wajumbe, nao wakasimama wakampigia makofi. Alirejea New York na kufariki Novemba 30 mwaka huo.

Siku moja ya Septemba 1978 wahesabuji wa mlimani waliandika zaidi ya vipanga 20,000, karibu wote wakiwa wale wa mabawa mapana. Kozi mkubwa aliondolewa katika orodha ya spishi zilizo hatarini nchini Marekani mwaka 1999, na tai mwenye kichwa cheupe akafuata mwaka 2007. Mbinu ya kuketi mahali pamoja na kuhesabu kila msimu imeenea kwingi, na katika jimbo la Veracruz nchini Mexico, ambako njia za ndege wa bara zima hukutana, mamilioni ya ndege wawindaji huhesabiwa kila mapukutiko.

Hapa kwetu hesabu hufanywa kwa gari, mtafiti akipita barabara ile ile na kuandika kila ndege mwindaji anayemwona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha hesabu za namna hiyo za miaka ya 1970 na zile za kuanzia 2003, ukagundua kuwa kati ya spishi 22 za ndege wawindaji wa Kenya zilizochunguzwa, 19 zilikuwa zimepungua. Bila madaftari ya miaka ya 1970 hakuna ambaye angeweza kuthibitisha hilo.

Hifadhi aliyoianzisha Bi Edge imepanuka na sasa ina zaidi ya ekari 2,500. Habari zinazotoka kwenye majabali yake si njema zote. Kozi mdogo wa Amerika, ndege asiyezidi ukubwa wa njiwa, amekuwa akipungua katika hesabu kwa miongo kadhaa, na wanasayansi bado wanabishana kuhusu sababu. Yule kipanga mkubwa wa misitu ya kaskazini, ambaye kichwa chake kilikuwa na bei ya dola 5 mwaka 1929, naye amekuwa adimu. Siku hizi wahesabuji huketi siku nyingi za Novemba, mwezi ambao alizoea kupita, wasimwandike hata mmoja.